Kupanga Chakula si Kukosa Tawakkul

Hapa Buyenzi, Bujumbura, wapo akina baba wanaosema kupanga chakula cha wiki ni kukosa tawakkul. Si kweli! Nabii Yusuf (a.s.) alipanga akiba ya nafaka katika miaka 7 ya neema, ikaliwa miaka 7 ya ukame. Nani kati yetu anamshinda kwa tawakkul?

Baba anaacha pesa kidogo asubuhi, jioni anadai nyama. Mama anakopa dukani. Mtoto anakuja madrasa na njaa, anasinzia juu ya msahafu.

Anzeni Ijumaa hii: kaeni wote wawili, andikeni milo ya siku 7. Maharage na unga nunueni mara moja. Ndagala na lengalenga kwa siku yake.

Wabillahi tawfiq.