Tuijue Zabibu na Nasaba Yake

Hapa Pwani ni nadra kupata nyumba isiyoijua zabibu kavu. Twaitia katika pilau na katika tambi za Idi. Lakini ukiuliza zabibu ni za aina ngapi na asili yake wapi, wengi watakujibu kuwa kuna nyeusi na nyeupe, basi. Ujuzi uliobaki tumewaachia wanywaji wa mvinyo, kana kwamba tunda lenyewe ni haramu. Sivyo. Kilichoharamishwa ni kileo. Tunda limetajwa mara nyingi katika Kurani Tukufu pamoja na tende, miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu.

Tuanze na jina. Waarabu huliita tunda bichi inabu, na lililokaushwa ndilo zabibu. Sisi tumelichukua jina la lililokauka tukayaita yote mawili. Yaonekana zabibu ilitufikia majahazini ikiwa kavu, kabla wengi wetu hatujauona mti wake.

Na mti huo haukuzaliwa Ulaya. Mwaka 2023 wataalamu waliochunguza chembe za urithi za mizabibu zaidi ya 3,000 walitangaza kuwa binadamu alianza kuilima yapata miaka 11,000 iliyopita, katika sehemu mbili: nchi za Asia ya Magharibi upande wa Shamu, na milima ya Kaukasi. Mizabibu ya Ulaya ilitokana na ile ya Asia ya Magharibi, ikachanganyika na mizabibu mwitu iliyoikuta njiani.

Majina nayo yaweza kumpoteza mtu. Kuna zabibu iitwayo Muskati ya Alexandria, yenye harufu nzuri. Msomaji asidhani yatoka Maskati ya Oman. Ile ndogo isiyo na kokwa, Kishmishi, ni mzaliwa wa Mashariki, lakini Marekani yaitwa Thompson Seedless, kwa jina la William Thompson aliyeipanda California katika karne ya 19. Na ile iitwayo Shiraz, iliyosifiwa miaka mingi kuwa imetoka Uajemi? Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waligundua kuwa wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, mizabibu ya kusini-mashariki ya Ufaransa. Sisi watu wa Pwani, tunaojua uzito wa jina la Shirazi, tuzingatie hapo: jina si nasaba.

Faida ya kuyajua haya ni nini? Jirani zetu wa Dodoma, Tanzania, hulima zabibu, na sehemu kubwa ya mavuno yao huishia katika mvinyo. Mkulima hana lawama, kwani humwuzia anayekuja kununua. Wafanyabiashara wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wangemwendea wakitaka tunda bichi, zabibu kavu na maji yake yasiyochachuka, angekuwa na mlango wa pili wa riziki.

Mama zetu nao wakumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alirowekewa zabibu katika maji akayanywa, na hayakuachwa kupita siku ya tatu yasije yakawa kileo. Kinywaji hicho ni rahisi, ni kitamu, na chafaa sana kwa futari. Kwa nini watoto wetu wajue soda tu?