Umeme Jikoni: Tusimsingizie Mungu



Mtu anapokufa kwa kushika friji au birika la umeme, waombolezaji husema ni kazi ya Mungu. Usemi huo tunaukataa. Mungu hakufunga nyaya za jiko lile. Zilifungwa na fundi kwa agizo la mwenye nyumba, ambaye alipaswa kuuliza kama zina kinga.

Masasi na Newala zingali na nyumba zilizofungwa nyaya zamani, enzi za majenereta ya dizeli, umeme ulipokuwa wa taa na redio tu. Tangu gesi ya Mnazi Bay ianze kuzalisha umeme mjini Mtwara, vyombo vya jikoni vimeongezeka: friji, birika, blenda, jiko la umeme. Nyaya ni zilezile.

Wenye nyumba hujitetea kwamba wana fyuzi. Hoja hiyo yafanana na busara, lakini haina ukweli. Fyuzi na saketi breka hulinda waya usiungue, hazimlindi mtu. Breka ya ampea 32 haishtuki mpaka kiasi hicho kizidi, ilhali sehemu ndogo sana ya ampea moja yatosha kuuvuruga moyo wa binadamu. Tena ardhi yetu haitusaidii. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, udongo ni mchanga na maji yako mbali chini, jambo wanalolijua akina mama walioteremka bondeni alfajiri na ndoo kichwani. Masasi, penye vilima vya mawe, nondo ya kupeleka umeme ardhini huweza kugota kwenye mwamba kabla ya kufikia unyevu. Tuseme ukinzani wake ni omu 100. Volti 230 zitapitisha hapo ampea 2.3 tu. Breka haitashtuka, na bodi ya friji itabaki na umeme, ikimngoja mwenye mikono iliyolowa, aliyesimama pekupeku sakafuni.

Kinga ipo, nayo ni swichi ya kukata umeme unaovuja. Mafundi huiita RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ikikuta miliampea 30 zimepotea njiani, hukata katika muda usiofika theluthi ya sekunde. Hufungwa kando ya mein swichi pasipo kubomoa ukuta. Hufanya kazi hata katika nyumba isiyo na waya wa ardhi, ingawa waya huo haukomi kuwa wa lazima. Haimwokoi anayeshika nyaya mbili kwa pamoja. Marekani kanuni za umeme zilidai kinga ya namna hii kwa soketi za jikoni zilizo karibu na sinki tangu mwaka 1987.

Na nani asimamaye jikoni? Mara nyingi si yule ashikaye fedha. Ni mke, binti wa kazi, mpangaji, mtawa, mpishi wa shule. Fedha za korosho zikiingia, hununuliwa televisheni na bati jipya. Swichi, ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya friji, huambiwa ingoje msimu ujao. Kumbukumbu la Torati (22:8) lamwagiza mjenzi azungushie paa lake kizuizi, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Halimpi ruhusa ya kusema kwamba aliyeanguka alikuwa mzembe.

Parokia nazo zisijifiche. Halmashauri ya walei ianze na jiko la nyumba ya mapadre, kisha nyumba tunazopangisha, ambako kodi hatusahau kuidai. Fundi awe na leseni ya EWURA, na nondo aipime kwa kipimo, si kwa macho. Kitufe chenye herufi T kibonyezwe kila mwezi. Umeme usipokatika, swichi hiyo imekufa na ibadilishwe. Ikiwa swichi mpya inakata mara kwa mara, fundi asiiruke kwa waya ili kumfurahisha mwenye nyumba. Atafute chombo kinachovuja, akitoe jikoni siku hiyohiyo.