Singo Siku Saba, Ziwa Hata Siku Moja



Bi harusi tunamfunda siku saba: liwa, singo, udi, namna ya kumpokea mume. Akipata mimba ya kwanza, somo yule yule hana la kumwambia kuhusu kunyonyesha ila “utajua ukifika”. Ukifika wapi? Akiwa na nyuzi, hajalala, mashangazi wamezunguka kitanda wakimwambia hana maziwa?

Hapa Kamanga nawashonea wajawazito madera ya zipu kifuani. Rangi ya kitambaa wanaichagua nusu saa. Kumpakata mtoto anyonye, ni nadra nikute aliyefundishwa.

Maziwa husukumwa na homoni iitwayo oksitosini, na hofu na maumivu huichelewesha. Unapomkaripia mzazi unayazuia maziwa hayo hayo unayomdai! Siku za mwanzo hutoka dang'a, kidogo tu, na tumbo la kichanga nalo ni dogo. Msiimwage mkidhani ni uchafu.

Haya afundishwe mimba ikiwa ya miezi saba, chumba kimetulia, mabega yamelegea, anavuta pumzi polepole, kanga imeviringishwa mfano wa mtoto. Ajue mtoto hukamata na ule weusi, si chuchu peke yake.

Mnaosema ni uzungu, someni Al-Baqara aya ya 233. Miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, hiyo mmeihifadhi. Aya hiyo hiyo inakataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe, na inampa baba jukumu la chakula na mavazi yake. Mbona hapo mnaruka?

Somo anayelipwa kwa singo arudi mwezi wa saba, na mume alipe.