"Sawa" ya Wifi Si Tusi



Tumechoka, na leo tutasema. Kila Mfungo Mosi ukiingia na harusi zikianza kupandana, tunaletewa kesi ileile. Bi harusi katuma picha za sare kwenye grupu la familia. Wifi mtarajiwa kajibu: "Sawa." Basi. Bi harusi akaipiga picha meseji ile, akawatumia mashoga. Magharibi haijaingia, hukumu imeshatoka: "Huyo kakudharau." Isha, mama kashaambiwa. Asubuhi nyumba mbili hazisemezani. Kumbe wifi wa watu alikuwa ndani ya boti anatoka Pemba, mtandao unakuja na kuondoka, na "Sawa" ndiyo iliyowahi kupita.

Sisi tunasema kosa si la wifi, wala si la simu. Ni la aliyesoma na waliomsaidia kusoma. Maandishi hayana uso wala sauti. Tiki za buluu zinakwambia meseji imefunguliwa. Hazikwambii kama aliyeifungua anamuogesha mtoto au yuko hospitali na mzee wake. Pengo lile tunalijaza wenyewe, kwa tulichonacho moyoni.

Kisa cha Bi Aisha, Allah amridhie, tunakijua sote. Alibaki nyuma akitafuta kidani chake, msafara ukaondoka, Safwan bin Muattal akamkuta na kumrejesha. Watu hawakuona zaidi ya hapo, mengine wakayazua. Surat An-Nur, aya ya 12, inawalaumu waumini wanaume na wanawake kwa kutodhaniana kheri waliposikia uzushi ule. Lawama haikuishia kwa waliozua, iliwafika na waliosikia. Leo aliyesikia ni yule shoga anayepokea picha ya meseji na kuanza kuifasiri.

Wapo watakaosema dhana njema ni ujinga, utachezewa. Hatukubali. Pesa za michango ziandikwe, fundi wa keki atoe risiti, mahari yawe na mashahidi. Huo ni uangalifu, na dini imeuamrisha. Na anayekutukana waziwazi hakuachia cha kudhania. Tunalosema ni juu ya neno lenye njia mbili. Kwa nini uchague mbaya, na hakuna aliyekulazimisha?

Basi kabla ya kuipiga picha meseji ya mtu, mpigie simu mwenyewe: "Wifi, sikukufahamu vizuri, ulikusudia nini?" Dakika mbili tu. Na shoga akikuletea meseji ya mtu uifasiri, mwambie, "Sikuiandika mimi, muulize mwenyewe." Hapo umemkinga yeye, umemkinga na wifi yake, na umejikinga wewe na kusengenya.

Bi harusi anasingwa siku kadhaa mpaka ngozi ing'are, kisha anaingia nyumba ya watu na kinyongo cha neno moja. Tuisinge na mioyo.

Allah atujaalie tudhaniane kheri. Amin.