Televisheni Isitoe Siri za Watu

Mwezi huu nina jambo la kufundisha, lakini kwanza nina kosa la kukiri.

Sisi tuliozaliwa Tanzania Bara miaka ya 1980 tulikua bila televisheni. Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Nyumbani kwetu tulisikiliza redio. Leo hapa Baray, katika bonde la Ziwa Eyasi, mtu akiuza vitunguu kwa bei nzuri hununua televisheni bapa, na kijana akirudi kutoka chuoni huja na kompyuta mpakato. Wengi hatujui kwamba vyombo hivi viwili vinaweza kufungwa pamoja kwa waya mmoja, na televisheni ikawa kioo cha pili cha kompyuta.

Jumamosi moja alasiri, wanawake 12 wa kikundi chetu cha kanisa walikuja kwangu. Nilikuwa na video ya kufundisha namna ya kumlisha mtoto anayeanza chakula akiwa na miezi sita. Kwenye kompyuta wangeona watatu tu, wengine wangebaki kunyoosha shingo. Mwanangu akachomeka waya kwenye televisheni, picha ikatokea kubwa, tukafurahi. Yeye akaenda zake kucheza mpira.

Katikati ya somo, pembeni mwa kioo kikachomoza kisanduku kidogo. Ulikuwa ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa hapa kijijini, akiniuliza habari za vipimo vyake. Jina lake lilikuwa juu, maneno yake chini. Nilikuwa nimeunganisha ujumbe wa simu yangu na kompyuta ili nisome kwa herufi kubwa, maana macho yangu si ya zamani. Kisanduku kilikaa sekunde chache kikaondoka. Lakini wanawake watatu au wanne walikwisha kusoma, na mmoja wao ni jirani yake wa mlango kwa mlango.

Ujumbe ulisema nini, sitawaambia. Nikisema nitakuwa nimelirudia kosa lile lile.

Nesi hufundishwa tangu mwanzo wa masomo yake kuwa siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Tena nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo huzihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Hayo yote niliyajua. Nisichokijua ni namna ya kubonyeza vitufe viwili.

Niliwasihi wale wanawake wasiliseme jambo lile. Jioni nikaenda kwa yule mama, kabla habari hazijamfikia kwa kinywa cha mwingine. Nikamweleza, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nesi, afadhali umekuja wewe mwenyewe." Hata hivyo, kwa miezi mitatu alimpeleka mwanawe kliniki ya kijiji kingine, kwa miguu, na yetu iko karibu. Sikumlaumu. Sasa amerudi, lakini ujumbe wa simu hanitumii tena. Akiwa na neno, huja mwenyewe.

Ndiyo maana nimejifunza, nanyi nataka mjifunze kabla hayajawakuta.

Namna ya kuunganisha

Kabla hujanunua waya, tazama matundu ya vyombo vyote viwili. Televisheni bapa nyingi zina tundu lililoandikwa HDMI, na kompyuta nyingi pia. Waya wake hupitisha picha na sauti kwa pamoja. Kompyuta za zamani zina tundu la VGA, lenye vitundu 15 katika safu tatu. Huo hupitisha picha tu, sauti hubaki kwenye kompyuta. Televisheni ya chogo, yenye matundu ya mviringo ya njano, nyeupe na nyekundu, huhitaji kifaa cha kubadilisha, na hata ukikipata, maandishi madogo hayatasomeka vizuri.

Chomeka waya pande zote mbili. Kwa rimoti, chagua tundu ulilolitumia, kwa mfano HDMI 1. Kisha, ikiwa kompyuta yako inatumia Windows, shikilia kitufe chenye alama ya dirisha na ubonyeze herufi P. Yatatokea machaguo manne.

La kwanza, picha hubaki kwenye kompyuta peke yake.

La pili, televisheni huonyesha kila kitu kilichopo kwenye kompyuta. Hili ndilo lililoniponza.

La tatu, televisheni huwa mwendelezo wa kompyuta. Sukuma kishale kipite ukingo wa kulia wa kioo chako, nacho kitatokea kwenye televisheni. Ivute video kwa njia hiyo hiyo. Wageni wataona video tu; barua na ujumbe vitabaki kwenye kioo chako kidogo.

La nne, televisheni peke yake. Kioo cha kompyuta huzimika, na ujumbe ukiingia hutokea mbele za watu.

Wageni wakija, chagua la tatu. Hata hivyo, kwanza funga ujumbe wa simu kwenye kompyuta, maana mkono huweza kukosea.

Na watoto je?

Kwa watoto mambo hugeuka. Kijana anayejifungia chumbani na kompyuta, hujui anatazama nini. Mlete sebuleni, unganisha televisheni, uchague lile la pili. Anachokiona yeye nawe utakiona ukiwa unachambua mchele. Wanangu walinung'unika wiki ya kwanza, kisha wakazoea, na sasa hutuita tutazame nao.

Ila wadogo kabisa wasiachwe mbele ya kioo kikubwa ili wanyamaze. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto asiyefikisha miaka miwili asiketishwe kutazama televisheni wala kompyuta, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ikipungua ni bora zaidi.

Mama, usione aibu kumwomba mwanao akufundishe, lakini usimwachie yeye kila kitu. Jaribu mwenyewe siku moja kabla wageni hawajaja. Mwombe mtu akutumie ujumbe, kisha utazame unatokea kioo kipi. Mimi sikufanya hivyo, na aliyelipa ni mwenzangu.

Hadi mwezi ujao, kwaherini.