Mbwa Si Wako, Lakini Yuko Kwako

Leo nataka tuzungumze kuhusu mbwa. Ndiyo, mbwa. Najua kuna atakayesema mchungaji ameishiwa na ujumbe. Vumilia kidogo.

Mvua imenyesha usiku kucha. Mtoto wako anatoka langoni asubuhi kwenda shule, anakuta mbwa koko amejikunja chini ya gari la jirani. Mbavu zinahesabika, shingoni ana alama ya kamba. Jioni mtoto akirudi, mbwa yuko pale pale, na swali linakuja kwako wewe mzazi: "Mama, tumchukue?" Hapo ndipo nyumba hugawanyika. Baba anafikiria bei ya unga. Mama anafikiria kupe. Shosho aliyekuja kutembea kutoka mashambani anauliza ni nani amemtuma huyo mbwa.

Kwa heshima zote za shosho, wapendwa, tumekuwa wepesi sana wa kuona mkono wa mchawi mahali palipo na njaa tu. Hiyo alama ya kamba inakuambia jambo rahisi: huyu alikuwa wa mtu. Amekata kamba akapotea, au ameachwa. Angalieni watu wakihama mwisho wa mwezi. Kochi linapanda pikapu, jiko la gesi linapanda, hata ndoo iliyopasuka inapanda. Mbwa anabaki langoni akiangalia vumbi.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mwanzoni kabisa. Musa anazungumzia mnyama wa ndugu yako aliyepotea. Hutakiwi kujifanya hujamwona. Na kama mwenyewe yuko mbali, au humjui, unampeleka mnyama nyumbani kwako akae hapo mpaka mwenyewe aje kumtafuta, kisha umrudishie. Wanaotajwa ni ng'ombe, kondoo na punda. Kuna atakayeniambia mbwa hayumo. Lakini soma mbele kidogo: hata nguo imo, na chochote kile ambacho ndugu yako amepoteza. Kama nguo inatunzwa, chenye pumzi je?

Mimi napenda hapo panaposema akae kwako mpaka mwenyewe aje. Kuna amri mbili pale, kutunza na kurudisha, na watu wengi hutii moja tu. Wako wanaopita kana kwamba hawajaona. Wako pia wanaomchukua mbwa na siku ya tatu wameshamfunga mnyororo, wamempa jina jipya, wanafurahi kwamba wamepata askari wa bure. Huyo wa pili asijiite mwenye huruma. Hajamuuliza jirani hata mmoja. Piga picha ya mbwa, itume kwa kikundi cha ploti, muulize mlinzi wa lango la pili, mwambie mzee wa nyumba kumi, uliza pale buchari, maana mbwa wote wa mtaa wanajulikana buchari. Fanya hivyo siku ile ile, kabla watoto hawajamzoea.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo. Huruma isikufanye uache akili nje. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kenya. Serikali ilizindua mpango mwaka 2014 wa kukimaliza kufikia 2030, na miaka iliyobaki si mingi. Virusi viko kwenye mate. Mbwa aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo usiniambie "huyu anaonekana mpole." Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Na wanaoumwa mara nyingi ni watoto, kwa sababu wao ndio huinama kumkumbatia.

Kwa hivyo kwa siku za kwanza mbwa akae peke yake, nyuma ya nyumba au kwenye kibanda, na mtu mzima ndiye ampelekee chakula. Mwite daktari wa mifugo amwangalie, amchanje, ampe dawa ya minyoo na ya kupe. Chanjo haiponyi mbwa ambaye tayari ameambukizwa, kwa hiyo tahadhari inaendelea. Akimuuma au kumkwaruza mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Omba njiani, mpendwa, usiombe badala ya kwenda. Nisisikie mtu amebaki nyumbani na kidonda akisema anadai uponyaji. Sabuni na sindano pia Mungu ametupa.

Chakula kisikuogopeshe. Ugali na omena vinatosha. Aliyekaa njaa sana mpe kidogo kidogo mara kadhaa, asije akatapika, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vikali. Kama unakaa kwa ploti ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza. Akikataa, usimfiche mbwa bafuni. Walio Nairobi wanaijua KSPCA, inayopokea wanyama walioachwa na kuwatafutia makao. Kwingine, anzia kwa ofisi ya mifugo ya kaunti.

Linalobaki ni mtoto, na hili ndilo wazazi huliharibu. Anakuuliza kama mbwa atakaa milele, wewe unasema "tutaona" ili alale. Usifanye hivyo. Mwambie usiku ule wa kwanza: huyu si wetu, tunamtunzia mwenyewe. Mwambie tena kesho yake. Atalia akiondoka, na alie tu. Lakini asilie kwa sababu mama au baba alimdanganya, maana hicho kilio hukaa moyoni miaka mingi kuliko cha mbwa. Siku mwenyewe akija, mpe mtoto kamba aishike, yeye ndiye amkabidhi, aone mkia ukitingishwa kwa mtu aliyetafuta mitaa mitatu.

Kama una mbwa wa namna hiyo nyumbani saa hii, andika hapa chini: rangi, dume au jike, ulimkuta mtaa gani. Mwenyewe huenda anasoma.