Mchagua Mbegu Ndiye Mkulima, Ila Achague kwa Lugha Gani?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina ukweli wake, kwani jembe lolote lenye makali na mpini madhubuti litalima. Mbegu, hata hivyo, si jembe. Yeyote anayeitwaa mbegu iliyo karibu naye na kuitia ardhini pasipo kuuliza, hasa katika nchi yenye mvua haba kama Machakos, huenda akalima kwa bidii, akapalilia kwa jasho na mwishowe akavuna majani matupu. Kwa idhini ya wazee wetu, basi, naomba niongeze kipande katika methali yao: mchagua jembe si mkulima, lakini mchagua mbegu ndiye mkulima hasa.

Suala hili limepata uzito mpya. Mnamo mwaka 2022, kundi la wakulima wadogo liliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu mjini Machakos kupinga vifungu vya sheria ya mbegu na aina za mimea. Kwa mujibu wa vifungu hivyo, mkulima aliyemuuzia au kubadilishana na jirani yake mbegu ambazo hazijaidhinishwa aliweza kufungwa hadi miaka miwili, au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama ilitoa uamuzi kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Yafaa ikumbukwe kwamba Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuzitambua na kuzilinda mbegu za asili pamoja na matumizi yake katika jamii zetu.

Nimeufurahia uamuzi huo. Hata hivyo, mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kuyapima maneno. Swali linalonisumbua ni hili: mkulima amepewa uhuru wa kuchagua, je, amepewa na lugha ya kuchagulia? Uhuru usio na maarifa ni sawa na taa isiyo na mafuta. Maarifa ya mbegu nchini mwetu yamefungiwa katika Kiingereza na katika tarakimu za maabara, ilhali mwenye kuyahitaji yuko shambani.

Tuanze na neno moja tu, ukame. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, na hata katika baadhi ya vitabu vyetu vya shule, mbegu yoyote ya nchi kavu husemwa kwamba "inastahimili ukame". Kitenzi hicho kimefanya madhara makubwa. Mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha Katumani karibu na mji wa Machakos na kuanza kusambazwa mwishoni mwa miaka ya 1960, sifa yake kuu si kuustahimili ukame, bali ni kuukwepa. Hutoa maua mapema na kukomaa kwa muda wa takriban miezi mitatu, hivyo kwamba mvua inapokatika, mmea umekwisha kupita hatua yake ya hatari. Maharagwe ya KAT B1, KAT B9 na KAT X56, ambayo nayo yalitoka Katumani, hufuata njia iyo hiyo. Mbaazi ile ya muda mrefu, ambayo Wakamba huiita nzuu, ndiyo inayostahimili kwa maana halisi. Mizizi yake huzama chini sana, nayo husimama wima katika kiangazi cha Januari na Februari huku majirani zake wamekwisha kunyauka.

Msomaji ataniuliza: kuna tofauti gani kwa mkulima? Tofauti ni kubwa mno. Anayeamini kwamba mbegu yake inastahimili ukame ataona kwamba hakuna haja ya kuharakisha. Atangoja mvua ya kwanza, angoje na ya pili, kisha aanze kutafuta ng'ombe wa kulima. Anayejua kwamba mbegu yake inakwepa ukame atafahamu kuwa iko katika mashindano ya mbio, na kwamba akiipanda majuma mawili baada ya wenzake, ameitupa ile faida aliyoinunua kwa pesa zake. Kitenzi kimoja kikikosewa, msimu mzima huweza kupotea.

Mfano wa pili ni majina ya misimu. Tumezoea kutafsiri kutoka Kiingereza na kusema "mvua ndefu" za Machi hadi Mei na "mvua fupi" za Oktoba hadi Desemba. Mwanafunzi anayesoma hivyo hudhani kwamba mvua ndefu ndizo bora. Lakini muulize mzee yeyote wa Mwala au Yatta, naye atakwambia kwamba mvua ya kutegemewa Ukambani ni ile ya Oktoba. Istilahi tuliyoirithi imeligeuza jambo juu chini, chini juu. Maneno yetu ya asili, masika na vuli, hayana kosa hilo, kwa sababu hayaahidi urefu wala ufupi.

Sasa tuitazame soya, zao ambalo kila baada ya miaka michache husifiwa kuwa mkombozi. Ni kweli kwamba soya ni zao la ajabu. Takriban asilimia 40 ya punje yake ni protini na asilimia 20 ni mafuta, na Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya soya inayoitumia. Lakini soya si kunde. Inataka mvua iliyotawanyika vyema, hasa wakati wa kutoa maua na kujaza maganda, ndiyo sababu imestawi zaidi katika maeneo ya magharibi kama Busia, Kakamega na Migori. Katika kaunti ya Machakos, mtu wa Kangundo au Matungulu, anakolima kahawa, anaweza kuijaribu kwa matumaini kiasi, tena aanze na kipande kidogo. Mtu wa Masinga, kwa maoni yangu, atakuwa na busara zaidi akibaki na kunde, ndengu na mbaazi. Anayemshauri mkulima apande soya kabla ya kumuuliza shamba lake liko wapi hamshauri, anambahatishia.

Hata pale inapofaa, aina ya mbegu ni nusu tu ya kazi. Soya huhitaji bakteria maalumu ambao hukaa katika vinundu vya mizizi na kuigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Aina nyingi za zamani zilichagua sana bakteria wa kuishi nao, na katika udongo wetu wengi wao hawakuwapo. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, Nigeria, walizalisha aina zinazokubali kushirikiana na bakteria wa kienyeji wa Afrika. SB19, inayopandwa humu nchini, ni ya ukoo huo. Kwa aina nyingine, mkulima hana budi kununua bakteria hao na kuwachanganya na mbegu kabla ya kupanda.

Hapo lugha hutuponza tena. Nimepata kumsikia muuzaji katika duka la pembejeo, yale tunayoyaita agroveti, akimwambia mteja kwamba unga huo ni "dawa ya soya". Mteja akisikia dawa hufikiri sumu ya wadudu, na huenda akauanika juani au kuuchanganya na dawa halisi ya kuua ukungu. Bakteria wakafa, na lawama zikaiendea mbegu. Laiti muuzaji angesema kwamba hiyo ni "hamira ya mizizi", kila mama aliyewahi kupika mandazi angeelewa mara moja kwamba ni kitu chenye uhai, kwamba joto kali hukiua, na kwamba hakina budi kutumika kingali kibichi. Istilahi nzuri humfundisha msikilizaji kazi kabla hata maelezo hayajaanza.

Mfano wa tatu, na huenda ndio mzito kuliko yote, ni ule mgawanyo wetu wa "mbegu za kisasa" na "mbegu za kienyeji". Mgawanyo huo haumsaidii mkulima katika swali lake kubwa: je, naweza kuitunza mbegu hii na kuipanda tena? Mahindi chotara hayafai kutunzwa, kwa kuwa kizazi cha pili hutawanyika tabia na mavuno hupungua. Maharagwe na soya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi, na mkulima mwangalifu anaweza kuitunza mbegu yake kwa misimu kadhaa, mradi aondoe mimea yenye magonjwa. Katikati yapo mahindi ya Katumani, ambayo si chotara na yanaweza kutunzwa, lakini kwa sharti yapandwe mbali na mahindi mengine yasije yakachavushana. Tukiyaweka haya yote katika kapu moja liitwalo "kisasa", tunamfanya mkulima ama anunue asichohitaji kununua, ama atunze asichopaswa kutunza.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba elimu kama hiyo. Hoja hiyo imechakaa, na Machakos yenyewe ndiyo iliyoichakaza. Yale matuta ambayo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko huitwa "fanya juu", na wataalamu wa hifadhi ya udongo duniani, wakiandika kwa Kiingereza chao, huliandika jina hilo vivyo hivyo kwa Kiswahili. Vilima vilivyokuwa vimechunwa ngozi na mmomonyoko katika miaka ya 1930 viliponywa kwa sehemu kubwa na kazi ya vikundi vya mwethya na istilahi ya maneno mawili inayoeleza kazi yenyewe. Linganisha pia maharagwe ambayo wataalamu waliyapa nambari GLP 1004, na ambayo wakulima huyaita "Mwezi Moja". Mimi kama mwalimu wa sarufi ningesahihisha upatanisho na kuandika "mmoja", tena maharagwe hayo hayakomai kwa mwezi mmoja kikweli. Lakini jina hilo hutangaza sifa kuu ya mbegu, ambayo ni wepesi wa kukomaa. Nambari 1004 haitangazi lolote.

Wengine watasema kwamba lugha ya shamba la Machakos ni Kikamba. Nakubali, wala sitaki Kiswahili kikinyang'anye Kikamba kazi yake. Lakini mbegu husafiri. Baina ya mtafiti wa Katumani, muuza duka wa Tala na mkulima wa Busia, daraja lililopo ni Kiswahili.

Nao wanaohofia kwamba uamuzi wa Mahakama utafungulia milango mbegu hafifu wana hoja ya haki. Ukaguzi wa mbegu zinazouzwa madukani ni lazima uendelee, kwani walaghai wa mbegu wapo. Lakini kinga ya kwanza ya mkulima ni kuweza kusoma kilichoandikwa kwenye pakiti, na aghalabu kimeandikwa kwa Kiingereza.

Ndugu walimu na wanafunzi, hapa ndipo mnapoingia. Somo la kilimo hufundishwa kwa Kiingereza na Kiswahili hufundishwa kana kwamba hakina shamba. Naomba tuvunje ukuta huo. Mwalimu wa Kiswahili akitafuta mada ya insha ya maelezo, wanafunzi na wahesabu punje 100 za mbegu ya nyumbani, wazifunge katika kitambaa kibichi, na baada ya siku saba waandike zimeota ngapi. Zikipungua 80, wamweleze mzazi kwamba mbegu hiyo imechoka na ama aizidishe shimoni, ama atafute nyingine. Mwalimu wa kilimo na awaongoze kung'oa mmea mmoja wa kunde ulio karibu kutoa maua na kukikata kinundu cha mzizi. Kikiwa na wekundu ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi. Kisha wote wawili, pamoja na wazee wa kijiji, wakusanye majina ya mbegu za eneo lao, kila jina na sifa yake: siku za kukomaa, ladha, magonjwa, na kama inakwepa ukame au inaustahimili. Daftari moja la namna hiyo katika kila shule lingekuwa hazina kuliko kamusi nyingi tulizo nazo.

Mahakama imekwisha kufanya kazi yake. Haiwezi kumwambia mkulima wa Kathiani apande nini Oktoba ijayo. Kazi hiyo imebaki kwetu sisi tunaolipwa kwa kufundisha watu maneno, nayo mvua ya vuli haitatungoja.